Upande wa Akina Dorsilus

Buyenzi, Bujumbura
14 Machi 1997

Kwa Mzee Adolphe Dorsilus, mpiga tarumbeta, Cap-Haïtien, Haiti

Mzee wangu mheshimiwa,

Hunijui. Naitwa Elvire Dorsilus. Lirudie hilo jina la pili, kisha endelea kusoma, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi redio. Alikuwa ameifungua redio ya jirani yangu, matumbo yote nje, mara ikaanza kusema Kifaransa. Ikamtaja mzee wa Haiti aliyepewa nishani kwa muziki wake, na kwamba ujanani alipiga tarumbeta kwenye mabaa ya Bukavu na ya hapa Bujumbura, hata akaimba kwa Kiswahili. Fundi akanitumbulia macho. "We Elvire, jina yako iko mu redio!" Fundi huyo anaitwa Sylvère, nitarudi kwake. Hicho Kiswahili chako ndicho kilichonipa moyo. Kifaransa changu ni cha kuombea kazi, hakiwezi kubeba haya.

Kwetu, Mzee, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mama yangu aliitwa Geneviève Nzeyimana, kaka yake aliitwa Bahizire, baba yao jina lingine kabisa. Ukiyasikia huwezi kujua kama walikula sahani moja. Mimi peke yangu mjini hapa natembea na jina lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Baba yangu, Hugues Dorsilus, alitoka Haiti kuja kufundisha hesabu. Mwaka 1971, mimi mtoto wa kubebwa mgongoni, alikwenda likizo. Hakurudi wala hakuandika. Wajomba zangu walichukuliwa na askari mwaka uliofuata, mwaka wa mauaji, wote. Mama alimngoja baba mpaka akafa, muda mfupi baada ya vita kutukimbiza kutoka mtaa wetu wa Kinama. Sasa nakaa Buyenzi, uani kwa Mzee Mohamadi, mshonaji. Nashona naye sare za shule.

Nimekuwa nikiwatafuta akina Dorsilus. Kila nikisikia mmoja mwenye sifa namwandikia, kwa sababu mtu mashuhuri anwani yake haipotei. Mkimbiaji wa mita mia nne alinitumia picha yake yenye saini ya mashine. Jaji wa Port-au-Prince, katibu wake alijibu kwamba jaji hapokei maombi ya misaada. Sikuomba msaada. Askofu namngoja bado. Mmoja wenu lazima awe ndugu ya baba. Jina ni moja.

Sasa Sylvère. Anataka kunioa, nami nataka, tena sana. Lakini baba yake mdogo, Mzee Jovithe wa Kajaga, kule kwa wavuvi, ndiye mkubwa wa ukoo wao, na ameuliza swali moja tu: "Pombe tumupelekee nani?" Kwetu msichana huombwa kwa watu wa baba yake. Wanakuja na pombe, mnakaa, mnasemezana. Mimi sina wa kuipokea. Jovithe si mtu mbaya. Anasema hawezi kuomba kwa ukuta.

Wewe ni ndugu ya Hugues? Kama ndiyo, niambie tu ndiyo. Barua hii anaibeba sista anayepanda ndege ya misaada, maana vikwazo vimefunga ndege nyingine zote.

Binti yako, ukikubali,
Elvire Dorsilus

—

Cap-Haïtien
2 Julai 1997

Mutoto yangu Elvire,

Barua yako imefika imechoka kuliko mimi. Kiswahili changu ni cha baa za Bukavu, na kimelala miaka mingi. Kikikosea cheka, lakini usinirekebishe. Mi ni mzee wa hasira.

Nianze na baya. Apana, simjui baba yako. Niliuliza sokoni, niliuliza kanisani, redio ya hapa ilisoma jina lake asubuhi tatu mfululizo. Hakuna aliyejitokeza.

Baya la pili. Unadhani sisi wote ni ndugu. Zamani huku palikuwa na shamba la miwa, na mwenye shamba aliitwa Dorsil. Watumwa wake walipopata uhuru, karani aliwaandika wote Dorsilus, waliotoka Kongo na waliotoka Guinea, waliopendana na waliochukiana. Jina letu linasema tulikuwa wa nani. Halisemi sisi kwa sisi ni nini. Mama wa yule mkimbiaji anauza mkaa mtaa wa pili na hupita barazani kwangu bila salamu. Jaji nilimpigia harusi yake, na alipoona jina langu kwenye tangazo la bendi akaamuru waandike Adolphe tu. Askofu aliwahi kuniuliza jina lake nimelipata wapi. Huyo mungoje, lakini tafuta kiti.

Ningeishia hapa kama ningekuwa na mtu wa kuniambia niishie hapa. Mke wangu amekufa. Wanangu wako Montréal, hupiga simu Noeli. Jioni natoa viti viwili barazani kwa mazoea, na kimoja nakirudisha ndani hakijakaliwa. Nina upweke, mutoto yangu, na sioni aibu kuusema kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa mtaani kwangu.

Basi wakiuliza tena pombe wampelekee nani, waambie yuko Dorsilus mmoja, mzee, mkali, anakaa mbali. Nitasimama upande wako. Ila Jovithe mwambie ukweli: jina moja, damu sijui. Niandikie mnavyofanya siku hiyo. Nilipiga harusi nyingi za kwenu, lakini nilikuwa naangalia wasichana, desturi sikuiona.

Ile baa ya karibu na ziwa, yenye sakafu nyekundu, bado iko?

Adolphe Dorsilus

—

Buyenzi
9 Novemba 1997

Baba Mkubwa,

Nimeamua kukuita Baba Mkubwa. Ungekuwa mdogo wa baba ungejibu kwa adabu zaidi.

Nimelia na nimecheka, na Mzee Mohamadi akadhani nimejichoma sindano. Jumapili nilikwenda Kajaga na Sylvère, nikamsomea Mzee Jovithe barua yako kwa sauti. Pale unaposema humjui baba, penye shamba la miwa na karani, na penye damu, nikakohoa, nikaruka. Tafadhali usinikasirikie. Kwa Jovithe, jina la mtu ni la mtu. Mwingine akilibeba, basi ni mwanawe. Ningemweleza nini? Alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga goti lake kofi. "Kumbe huyu mutoto ana wazee! Mbona mulikuwa munawaficha?" Tangu siku ile ananisalimia kwa mikono miwili.

Siku yenyewe huwa hivi. Wanakuja na mitungi ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na mirija ya kunywea. Msemaji wao anasema wamepotea njia, wanaomba maji. Msemaji wetu anajifanya hajui kitu. Anawaambia hapa hakuna msichana, au yupo lakini ni mvivu, au ng'ombe wenu wamekonda. Wanabembeleza, sisi tunakataa, watu wanacheka, na mwishoni anayemsemea baba anapokea mrija na kunywa kwanza. Akishakunywa, mimi ni wao. Kabla ya hapo mimi ni mgeni tu, hata tukipendana namna gani.

Mzee Mohamadi atasimama badala yako asome maneno yako. Pombe hagusi, kwa hiyo tumempa ruhusa ya kugusisha mrija kwenye kidevu. Niandikie maneno, Baba Mkubwa. Yawe makali.

Tumepanga mwisho wa Januari. Sylvère atakwenda kwao Rukaramu, kule karibu na uwanja wa ndege, kula mwaka mpya na mama yake na kupanga mambo ya ndizi.

Baa ya sakafu nyekundu sasa ni ghala la mchele wa misaada. Nilichungulia. Sakafu iko.

Elvire

—

Cap-Haïtien
20 Desemba 1997

Elvire yangu,

Umeruka maneno yangu. Nimekasirika siku mbili, sasa nimechoka kukasirika. Lakini deni hilo la ukweli linabaki kwako.

Haya ndiyo maneno. Mohamadi asisome upesi.

"Nyinyi watu wa Kajaga, mnanukia samaki, na sisi hatujanunua samaki. Mnasema mmepotea njia. Njia ya kurudi ni ileile mliyojia. Msichana hatuna. Aliyeko anaungua mkono kila akipika, anaongea peke yake akishona, na akikasirika anawaandikia watu barua mpaka Amerika. Mkimchukua huyo, mnachukua na sisi: mkimbiaji atakayewafikia mkikimbia, jaji atakayewahukumu, askofu atakayewanyima komunyo, na mzee mwenye tarumbeta atakayepuliza mlangoni kwenu kila asubuhi mpaka mtakapomtendea vizuri. Kama hamuogopi, leteni mrija."

Sasa sikiliza. Nilikwenda kwa muuza mkaa kumwomba ruhusa ya kumtaja mwanawe. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia kuna msichana wetu anaolewa Afrika. Jumapili alikuja barazani akakaa kwenye kile kiti cha pili. Nyuma yake akaja mpwa wake, na wengine nisiowajua, wote akina Dorsilus, wakagombana mpaka magharibi kama samaki wa Kajaga huuzwa kwa mizani au kwa fungu. Hatujawahi kukaa pamoja tangu huyo karani. Nimenunua kofia. Siku yenyewe nitaivaa hapa hapa.

Baba yako Mkubwa,
Adolphe

—

Buyenzi
22 Februari 1998

Nura wangu,

Baba yako Mzee Mohamadi anasema huko Kigoma habari zimekufikia nusu. Hii ndiyo nusu iliyobaki.

Tarehe moja Januari asubuhi mapema waasi waliushambulia uwanja wa ndege, na vita vikaingia Rukaramu, ndani ya nyumba za watu. Sylvère alikuwa kwa mama yake. Wamekufa wote wawili. Jovithe alikwenda kuwatafuta na kuwazika. Sitakuandikia alivyowakuta, hata mimi aliniambia akitazama pembeni.

Nilikwenda matangani Kajaga. Nura, walinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniua. Vizuri kama jirani. Wanawake wa ukoo walikaa ndani kwenye mkeka, wakishikana. Mimi nilionyeshwa benchi la karibu na mlango, pamoja na watu wa soko, kisha shangazi mmoja akaniletea beseni. "Dada, utusaidie kumenya ndizi." Nikamenya. Zilikuwa ndizi alizokuwa amezipanga Sylvère kwa ajili ya urwarwa wetu. Sikuweza kulia kwa sauti, maana ningeulizwa ninamlilia kama nani. Pombe haikunywewa. Mimi si mjane, si mchumba, si mkamwana. Mimi ni mteja wa fundi redio.

Jovithe aliniona. Alinikwepa macho. Nadhani angependa kuniita ndani, lakini hakuwa na neno la kuniitia.

Jana ndipo ilipofika barua ya Baba Mkubwa yenye maneno ya kuchekesha, samaki na askofu. Amenunua kofia, Nura. Watu wamejaa barazani kwake kwa sababu yangu. Nimwandikie nini? Kwamba akirudishe kile kiti ndani? Siwezi. Usimwambie baba yako, lakini nitaandika kwamba harusi ilikuwa.

Elvire

—

Buyenzi
5 Aprili 1998

Baba Mkubwa,

Nisamehe kukawia, mambo ya harusi hayaishi. Ilikuwa nzuri ajabu. Mzee Mohamadi alivaa kanzu nyeupe, akasoma maneno yako polepole kama ulivyosema, na watu wa Kajaga walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Penye tarumbeta, Jovithe alisimama akapiga makofi. Pombe ilitosha, hata jirani walibeba nyumbani. Mvua haikunyesha. Shangazi za Sylvère walinikumbatia mmoja mmoja, hakuna aliyekosa furaha. Kila mtu aliuliza habari zako.

Sylvère alikuwa amevaa viatu vyeusi alivyovipiga rangi mwenyewe. Vilikuwa vinang'aa sana.

Wasalimie wote barazani. Waambie niko salama kwa watu wangu.

Elvire

—

Cap-Haïtien
11 Agosti 1998

Mutoto yangu,

Sikuisoma barua yako barazani. Nimeisoma peke yangu, nikaiweka, nikaichukua tena.

Nimepiga harusi maisha yangu yote, Elvire, Bukavu, Bujumbura, hapa. Sijaona hata moja ambapo pombe ilitosha. Sijaona harusi isiyo na shangazi aliyenuna, wala mgeni aliyeondoka kwa hasira kwa sababu ya kiti. Wewe umeniandikia harusi bila nung'uniko hata moja. Na Sylvère ndani yake hakusema neno. Umeniambia viatu vyake.

Hapa pia kuna redio. Mwaka mpya ilitaja uwanja wa ndege wa Bujumbura, na Rukaramu nililijua, wewe mwenyewe ulikuwa umeliandika. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja barua yako nikiogopa kuifungua. Kofia sikuivaa.

Sikugombezi. Ulitaka nisibaki peke yangu, na ukakubali kubaki peke yako zaidi. Usifanye hivyo tena. Mi nimezoea, we bado kijana.

Sasa nisikilize kama mtu wa upande wako. Nakumbuka kwenu matanga hayaishi siku ya kuzika. Mwaka ukipita mnakutana tena, mnayamaliza. Mnaita kuganduka, kama sijasahau. Siku hiyo nenda Kajaga, na usiende mikono mitupu. Waliuliza pombe wampelekee nani. Safari hii sisi ndio tunaopeleka. Ndani ya bahasha uko mchango wa ndizi. Muuza mkaa ametoa mwingi kuliko wote. Askofu ametoa. Jaji ametoa kwa sharti asitajwe, kwa hiyo nakutajia. Niliwaambia ukweli, na siku hiyo hakuna aliyegombana.

Mohamadi asome haya, na asiruke kitu:

"Watu wa Kajaga, sisi ni akina Dorsilus. Msichana huyu si damu yangu, nami baba yake sikumjua. Jina letu tuliandikiwa na karani wa shamba, na hatukuwahi kulifanyia kazi yoyote mpaka yeye alipotuandikia. Mlikuwa mnakuja kumwomba. Tulikuwa tumekwisha kukubali, maneno ya kukataa yalikuwa mchezo. Kwa hiyo kijana wenu alikuwa mkwe wetu, na tumekuja kumlilia. Tunaomba mtuonyeshe pa kukaa. Kama hapa hapana nafasi kwa binti yetu, semeni, tutarudi naye nyumbani, na nyumbani kwake ni Cap-Haïtien, kwenye kiti cha pili."

Basi. Nenda.

Adolphe

—

Buyenzi
10 Januari 1999

Baba Mkubwa,

Tulikwenda Kajaga jana. Mzee Mohamadi, ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, alitangulia mbele ya mitungi na kanzu yake, na njia nzima watu walimtania. "Haji, leo umetuletea dini mupya?" Alizidi kukaza mwendo. Nura aliwasili kutoka Kigoma kubeba mtungi mmoja. Huo ndio ulikuwa upande wangu wote: mzee, rafiki, na mitungi.

Alisoma maneno yako yote. Penye karani nilitaka kukohoa tena, nikajizuia. Nilimwangalia Jovithe na nikadhani amekasirika, maana sasa alijua kwamba kule nyuma nilimsomea nusu. Akasema, "Kwa hivyo huyu muzee si ndugu ya baba yako?"

Nikamwambia sijui. Huenda si ndugu.

"Na ametoa pombe?"

"Ametoa."

Akaihesabu mitungi kwa kidole. Kisha akasema, "Mi nina ndugu wa tumbo moja ambaye hakuleta hata ndizi." Akanishika mkono, akanipitisha kwenye benchi la mlangoni nililokalishwa siku ya matanga, akaniingiza ndani, akawaambia wanawake, "Musogee. Mukamwana wetu akae." Wakasogea. Nilikaa kwenye mkeka, na hapo ndipo nilipolia, Baba Mkubwa, kwa sauti, mwaka mzima kwa mara moja, na hakuna aliyeniuliza namlilia kama nani.

Sasa ukweli mwingine. Pombe haikutosha. Shangazi aliyenipa beseni la ndizi nimenye siku ya matanga alinuna kwa sababu mrija wake ulikuwa umepasuka. Shemeji mmoja aliondoka bila kuaga kwa sababu ya kiti. Wanasema akina Dorsilus ni wachoyo.

Jioni nilirudi Buyenzi. Nura amelala kwa baba yake, mimi niko chumbani kwangu, na chumba ni kilekile. Sitakudanganya kwamba kimejaa.

Ulisema Sylvère hakusema neno. Alisema. Siku alipoondoka kwenda kwa mama yake aliniachia redio aliyonitengenezea, ile inayokoroma ikipata joto. Akasimama mlangoni na viatu vyake vyeusi. "Ikianza kukoroma usiipige kofi. Uningoje nitakuja kuangalia."

Inakoroma. Sijaipiga.

Elvire Dorsilus,
mjane wa Sylvère